Mboga za Majani katika Nchi ya Beni na Butembo: Zilikotoka, na Jinsi Zilivyodharauliwa

Katika nchi ya Beni, Butembo na Lubero, mgeni akipiga hodi, mama wa nyumba hufikiri kwanza kuku, halafu samaki, halafu maharagi. Lengalenga hazimjii moyoni. Na kama siku ile hana kitu kingine cho chote jikoni, huziweka mbele ya mgeni kwa haya, na kuomba radhi kwamba leo kuna majani tu. Wasomaji wapenzi, neno hilo “majani tu” lina historia yake. Halikuwapo tangu mwanzo. Lilikuja kwa njia fulani, katika miaka fulani, na watoto wengi wameugua kwa sababu yake. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza hapa.

Kwanza tupatane juu ya majina, maana Kiswahili chetu ni kipana. Lengalenga ya Kivu ndiyo mchicha wa Unguja na Dar es Salaam. Sombe yetu ni kisamvu cha Watanzania, na watu wa Kinshasa huiita pondu. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, yanajulikana kwa jina hilo hilo kwetu na kwao. Mnavu ni ile mboga chungu kidogo yenye vitunda vidogo vyeusi. Mgagani ni ile yenye harufu kali na maua membamba. Zaidi ya hizo kuna majani ya kunde, majani ya maharagi, na majani ya maboga. Sitaji yote, maana kila kilima kina yake.

Nchi yenyewe yafaa sana kwa mboga. Mstari wa Ikweta unapita karibu na Butembo upande wa kusini, lakini joto si kali, kwa kuwa mji uko juu, kadiri ya meta 1,750 na zaidi. Lubero uko juu kuliko hapo, na asubuhi zake ni baridi. Beni uko chini, kadiri ya meta 1,100 hivi, na ukiteremka tena unafika bonde la Semliki kwenye michikichi na joto. Upande wa magharibi ni msitu mkubwa. Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi, na tena kuanzia Agosti au Septemba. Basi katika mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu, mtu hupita mahali pa mawese, mahali pa ndizi, na mahali pa viazi ulaya. Wachache katika Afrika wamepewa bustani ya namna hiyo.

Angalia tena jambo la majira, kwa sababu ndilo kiini cha habari yetu. Mvua zikianza, ghala huwa karibu tupu. Maharagi mapya hayajafanya maganda, mahindi hayajatoa masuke. Lakini wiki tatu au nne baada ya mvua ya kwanza lengalenga zimekwisha kuota zenyewe shambani. Maboga yametambaa na kutoa majani mororo. Maharagi yenyewe, kabla ya kuzaa, yana majani ya kuchuma. Kwa hiyo mboga za majani huja wakati ule ule wa njaa. Wazee walijua hivyo. Mama aliyekwenda kupalilia alirudi na mzigo wa majani, na kupalilia kwake kukawa ndiko kuvuna.

Je, wazee wa Wanande walikula nini hapo kale? Walilima ulezi, walikuwa na ndizi na magimbi, walifuga mbuzi na kuku. Mboga zao zilikuwa mgagani, mnavu, kunde na nyinginezo za Afrika. Chumvi haikupatikana kwa urahisi. Watu walivuka bonde kwenda Katwe, kando ya ziwa Edward, kuitafuta, wakibadilishana bidhaa zao na chumvi ya ziwa lile dogo. Ndugu zao Wakonzo wanakaa upande ule hata leo, maana mpaka wa Wabelgiji na Waingereza, uliopatanwa mwaka 1910, ulikata jamaa moja sehemu mbili. Chumvi ya Katwe ndiyo iliyofungua biashara ya Wanande miaka mingi kabla ya lori la kwanza. Na chumvi hiyo ilikwenda wapi, kama si katika chungu cha mboga?

Sasa nitasema jambo litakalowashangaza wengine. Zile tunazoziita mboga za kienyeji, nyingi ni wageni. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Viazi vitamu, mahindi, maboga tunayolima, na maharagi yenyewe, ambayo kwetu ni kama baba wa nyumba, yote yalitoka Amerika. Hata katika jamaa ya lengalenga wamo waliotoka huko. Magimbi na ndizi zilitoka Asia. Basi mtu asidharau sombe kwa kuiita ya kishenzi na kuisifu kabichi kwa kuiita ya maendeleo. Zote mbili ni wageni. Sombe ilifika mapema tu, ikajifunza lugha ya nyumbani.

Wareno ndio walioleta muhogo katika pwani ya Kongo, katika karne ya 16. Kutoka pale ulipanda mito kijiji kwa kijiji, wala hapana afisa aliyeuamuru. Ulipendwa kwa sababu hukaa ardhini ukingoja. Lakini muhogo una siri, na siri hiyo walioijua zaidi ni wanawake. Muhogo mchungu una sumu. Wasioijua siri walilipa kwa maisha yao, na mfano mkubwa wa jambo hilo ulitokea katika nchi ya jirani, juu ya mto Aruwimi.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita Kongo kwenda kumtafuta Emin Pasha. Alikuwa na watu wengi, na walio wengi wao walikuwa Wangwana wa Unguja, wasemao Kiswahili. Mwezi wa Juni mwaka ule aliacha sehemu ya watu wake kambini Yambuya, chini ya Meja Barttelot, wangoje wapagazi. Yeye mwenyewe akaingia msitu wa Ituri. Wale walioachwa walikaa Yambuya karibu mwaka mzima. Nyama hawakuwa nayo, samaki ni haba, na chakula chao cha kila siku kilikuwa muhogo wa mashamba ya wenyeji. Ulikuwa muhogo mchungu. Katika kijiji cho chote cha mto ule mama angaliuloweka siku kadhaa, angaliukausha, angaliutwanga. Watu wa kambi walikuwa wachovu, tena walikuwa wanaume watupu wasiofundishwa kazi hiyo. Wengi waliula hivi hivi, au waliuchoma tu motoni. Wakadhoofika, wakaharisha, wakavimba, wakafa mmoja mmoja. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti 1888 alikuta mabaki ya watu. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 alitaja muhogo uliotayarishwa vibaya kuwa sababu moja kubwa ya vifo hivyo. Ziko nyingine: mijeledi, ndui, kukata tamaa. Hata hivyo, kadiri ya siku chache kutoka kambi ile walikuwako wanawake waliokula muhogo ule ule maisha yao yote na kuzaa na kulea. Msafara ule ulikuwa na daktari, bunduki, hata mashua ya chuma. Ulikosa mama mmoja wa kuwaonyesha namna ya kuloweka muhogo.

Mambo ya sumu hiyo yafaa kuelezwa vizuri, maana yanahusu majani vilevile. Ndani ya jani la muhogo mna sumu iliyofungwa, isiyodhuru ikiwa imefungwa hivyo. Mahali pengine pa jani lile lile mna kitu kama chachu, chenye uwezo wa kuifungua. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Unapolitwanga kinuni unavikutanisha. Sumu inafunguka, nayo ni ya namna ya hewa, inatoka na kupotea. Unapochemsha bila kufunika, iliyobaki inatoka pamoja na mvuke. Kwa hiyo mwenye haraka, anayekatakata sombe kwa kisu badala ya kuitwanga sawasawa, na kufunika chungu tangu mwanzo ili kuni zisipotee, anaharibu kazi ya akili ya watu wa zamani. Hapana mtaalamu wa maabara aliyewafundisha wale bibi. Walijaribu, wakaona, wakakumbuka.

Na thawabu ya kazi hiyo ni kubwa. Gramu 100 za mzizi wa muhogo zina gramu moja na nusu hivi ya protini, yaani chakula kinachojenga mwili. Gramu 100 za majani yake mabichi zina kadiri ya gramu 7. Mti mmoja, basi, unatoa chini chakula cha kushibisha na juu chakula cha kujenga. Lakini tusiisifu sombe kupita haki. Protini yake ina upungufu: inakosa kiasi cha kutosha cha sehemu moja iliyo muhimu, nayo sehemu hiyo hupatikana kwa wingi katika samaki. Tena mwili wenyewe huitumia sehemu hiyo hiyo kuzima mabaki ya sumu. Kwa hiyo desturi ya kutia samaki wakavu wa Vitshumbi au Kyavinyonge katika sombe si anasa ya ulimi. Hata kidogo tu kinasaidia, kikisagwa kiwe unga, ili mtoto asiyepewa kipande apate sehemu yake katika mchuzi.

Namna ya kuipika ni hii, kama wapikavyo wengi. Chuma majani mororo ya kileleni, yale matatu au manne ya juu. Yaoshe, uyatwange mpaka yawe laini. Tia majini, chemsha chungu kikiwa wazi, muda wa saa nzima au zaidi, ukiongeza maji yakipungua. Halafu tia kitunguu, bilinganya ukiwa nayo, na mafuta ya ngazi. Mwisho karanga zilizosagwa au unga wa samaki, na chumvi. Mafuta si ya kupamba rangi tu: yanasaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo katika majani, nayo mafuta mekundu yana ya kwake zaidi. Mwenye kula sombe bila mafuta anapoteza sehemu ya faida aliyoihangaikia kinuni.

Sasa tufike wakati wa Wabelgiji, ndipo neno “majani tu” linapozaliwa.

Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908. Mwaka 1917 ilitolewa amri ya mazao ya lazima: kila mwanamume alimiwe kadiri fulani ya shamba, apande kile alichoambiwa. Mwaka 1928 ilianzishwa Comité National du Kivu, iliyopewa madaraka juu ya ardhi ili walowezi wapate mashamba. Wazungu waliipenda nchi ya Lubero kwa baridi yake. Walipanda kahawa, ngano, pareto na kwinini, na kando ya nyumba zao walipanda mboga za kwao: kabichi, karoti, vitunguu, saladi, na poro, yaani ile mboga ya jamaa ya kitunguu ambayo leo ni sifa ya Butembo. Kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, iliweka kambi zake, na mji wa Butembo ukakua penye kambi na maduka. Wenye mishahara walitaka chakula, na wenye mishahara mikubwa walitaka chakula cha Ulaya.

Mapadri wa Assumptio walifika katika nchi hii mwaka 1929, wakipokea kazi iliyoanzishwa Beni mwaka 1906 na mapadri wa Moyo Mtakatifu. Kiongozi wao alikuwa Padri Henri Piérard, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Beni. Misioni nayo ilikuwa na bustani. Watoto wa shule walimwagilia kabichi, wakajifunza kupanda kwa mistari na kutia mbolea ya ng'ombe. Kazi hiyo ilikuwa njema, na mazao yalifanikiwa. Tusiwe wasahaulifu wa shukrani. Lakini tazama kilichoingia pamoja nayo bila kusemwa. Kabichi ilikuwa na kitalu, na fimbo yenye jina lake, na mtu wa kuilinda. Lengalenga ilikuwa gugu la kung'olewa katikati ya mistari ya kabichi. Mtoto aliyeona hivyo kila asubuhi miaka sita hakuhitaji kuambiwa neno.

Tena ilikuwa habari ya fedha. Kabichi iliuzwa, lengalenga haikuuzwa. Mkulima hakuila kabichi yake mwanzoni, aliipeleka kwa Mzungu au kambini, akalipia kodi. Kisha makarani na walimu, waliopokea mshahara, walianza kuinunua wenyewe. Hapo ikawa alama ya heshima: katika nyumba ya karani kuna mkate, sukari, kabichi. Majani ya porini yakabaki kwa asiye na fedha. Katika Kongo nzima zilianzishwa nyumba za kufundishia kina mama, zilizoitwa foyer social, ambako walijifunza kushona, kulea watoto na kupika. Mafunzo mengi yalikuwa ya faida kubwa. Lakini mapishi yake yaliiga meza ya Ulaya. Mimi naona hapo palikosekana jambo moja tu, nalo ni kumwuliza mwanafunzi, “Bibi yako alipika nini?”

Poro, kwa njia, ina ukoo mkubwa kuliko Wazungu wenyewe. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli jangwani wanalilia vyakula vya Misri, na katika vyakula hivyo wametaja mboga za jamaa ya kitunguu, poro ikiwa mojawapo. Walikuwa na mana kila siku, wakatamani mboga. Anayesema kwamba mboga ni chakula cha njaa tu hajaisoma sura hiyo.

Wakati ule ule waganga walikuwa wakitafuta sababu ya ugonjwa mmoja wa watoto. Kivu unaitwa bwaki. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne anavimba miguu na uso; nywele zake zinakuwa nyepesi na nyekundu; ngozi inabambuka; hacheki, hachezi, hataki kula. Mgeni akimwona huenda akadhani amenenepa. Katika pwani ya Afrika ya Magharibi, nchi ya Ghana ya leo, daktari mwanamke Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina alilolisikia kwa akina mama wa Kiga: kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Akina mama walikuwa wamekwisha kuijua sababu kwa nusu: mtoto ameachishwa ziwa, amepewa uji mtupu. Katika Kongo yenyewe, mwaka 1938, daktari Trolli aliandika habari za magonjwa mawili ya Kwango. La kwanza ni mbwaki, ambalo kwa jina na kwa dalili linafanana na la kwetu. La pili ni konzo, linalokaza miguu ya mtu ghafula asiweze kutembea tena. Baadaye ilijulikana kwamba konzo hutokana na muhogo mchungu usiolowekwa sawasawa, pamoja na upungufu wa protini. Yambuya tena, wasomaji wangu, lakini safari hii vijijini, katika miaka ya ukame na haraka.

Mwaka 1950 wataalamu wawili, Brock na Autret, walizunguka nchi kadhaa za Afrika kwa ajili ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, na taarifa yao ya mwaka 1952 ilionyesha kwamba ugonjwa huo umeenea kupita walivyofikiri watu. Kivu kulikuwa na chuo cha uchunguzi, IRSAC, kilichoanzishwa mwaka 1947 na kujengwa Lwiro, karibu na Bukavu. Huko waganga waliwapima na kuwatunza watoto wa bwaki miaka mingi. Maziwa ya unga yaligawiwa, na yaliokoa maisha. Lakini maziwa yalitoka ng'ambo ya bahari, na meli ikikawia mtoto hawezi kungoja. Milima ya Wanande ina watu wengi na malisho machache. Ng'ombe si wengi. Basi swali likabaki pale pale: kila siku, bila meli, mtoto wa mkulima atajengwa na nini? Jibu lilikuwa maharagi, karanga, samaki mdogo, na majani. Lakini majani yalikuwa yamekwisha kuonewa haya.

Wengine husema kabichi ndiyo iliyoleta bwaki. Hapana, huko ni kutia chumvi. Kabichi ni mboga safi, nayo imewalisha na kuwasomesha watoto wengi wa Lubero kwa fedha yake. Tulinganishe tu kwa haki. Gramu 100 za lengalenga mbichi zina miligramu 215 hivi za kalsiamu, inayojenga mifupa; kabichi nyeupe ina 40. Chuma cha kujenga damu ni miligramu 2.3 kwa lengalenga, na nusu miligramu kwa kabichi. Vitamini A ya kulinda macho imo kwa wingi katika lengalenga. Katika kabichi nyeupe karibu haimo. Mama anayeuza kikapu cha kabichi na kwenda kupika lengalenga nyumbani hajapungukiwa na kitu. Mama anayeuza lengalenga ili anunue kabichi, huyo amepata hasara mara mbili.

Baada ya Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 walowezi wengi waliondoka, lakini mboga zao hazikuondoka. Wanande walishika biashara yenyewe. Maharagi, kabichi, poro, vitunguu na viazi vya Lubero vilishuka kwa malori mpaka Kisangani, vikafika hata Kinshasa kwa ndege. Wataalamu walioandika juu ya wafanya biashara wa Butembo wameonyesha kwamba baadhi ya matajiri wa mji walianza na mboga, kabla ya kahawa na dhahabu. Ni historia ya kujivunia. Mwana wa mtu aliyelazimishwa kulima amekuwa mwenye lori. Hata hivyo sheria ya zamani ilidumu: kile kinachopakiwa lorini kina heshima, na kile kinachobaki nyumbani ni majani tu.

Katika miaka yetu mambo yamegeuka kwa njia ya huzuni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamerudiwa mara nyingi katika eneo la Beni, na watu wengi wamekatwa njiani waendako shambani au papo hapo shambani. Kisha mwezi wa Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, iliyokaa Beni, Butembo na jirani mpaka Juni 2020, ikaua watu 2,287. Mwenye shamba la mbali aliliacha. Muhogo ulioko saa tatu kutoka mjini ukawa kama hauko. Ndipo jambo la wazee likaonekana tena: mboga ya kando ya mlango. Lengalenga inataka mahali padogo kama mkeka, na siku 21 mpaka 30 tu, kisha inachumwa, inachipuka, inachumwa tena. Mkimbizi aliyepewa ua wa jirani hawezi kungoja muhogo mwaka mzima. Lengalenga anaweza kuingoja.

Nje ya nchi yetu yako mafundisho. Kenya nako mboga za asili zilidharauliwa vivyo hivyo. Watu wa Nairobi walikula sukuma wiki na kabichi, na mnavu ukawa wa mashambani. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wenzao walianza kuzikusanya mboga hizo, majina yake na mapishi yake. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, alifanya uchunguzi wake juu yake miaka mingi, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya Kwame Nkrumah ya sayansi. Leo mnavu na mgagani huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi kwa fedha nzuri. Hakuna aliyewalazimisha wanunuzi. Waliambiwa kilichomo, tena wakapikiwa vizuri. Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, nacho kina kitivo cha kilimo. Ingefaa wanafunzi wake wapitie vijijini na daftari, kabla bibi wa mwisho anayejua majina hajazikwa nayo.

Basi yabaki machache ya jikoni, kwa kina mama na kwa mabinti, na kwa wanaume pia, maana Yambuya tumeona hatari ya wanaume wasiojua kupika.

Lengalenga usiichemshe saa nzima kama sombe. Haina sumu ya kufukuza, na moto mrefu unaua vitamini. Kaanga kitunguu katika mafuta, tia majani yaliyooshwa na maji machache sana, koroga, na dakika 5 mpaka 10 zatosha. Watu wa Unguja hutia tui la nazi. Sisi tuna karanga, na karanga zinajenga mwili zaidi. Majani ya maboga huambuliwa nyuzi kwanza, kuanzia kikonyo, ndipo yakatwe. Majani ya maharagi chuma machache kwa kila shina, yale machanga, ili maganda yasipungue. Mnavu ukiwa mchungu mno, mwaga maji ya kwanza, au uchanganye na lengalenga nusu kwa nusu. Vitunda vyake vibichi vya kijani visiliwe, vina sumu. Mgagani, huko Kenya ya magharibi, hulazwa katika maziwa usiku mmoja, na uchungu wake unatulia. Mtoto mdogo asipewe majani yenye nyuzi: yatwange, uchanganye na uji mzito na unga wa samaki au karanga, na tone la mafuta ya ngazi.

Kwa majira ya kiangazi, yaani Januari na Juni, wengine wa Uganda ya mashariki na kaskazini hukausha majani ya kunde na kuyaweka. Kwetu unyevu wa hewa ni mwingi na majani huoza kabla hayajakauka; heri kupanda lengalenga penye maji ya kunawia, kitalu kidogo kila wiki mbili, ili kimoja kikiisha kingine kiwe tayari. Mbegu usinunue. Acha mashina matano mazuri yazae, yakate yakikauka, yapukute juu ya kitambaa. Kwa kuwa mbegu ni ndogo kama vumbi, zichanganye na mchanga mkavu, kiganja kimoja cha mbegu kwa viganja kumi vya mchanga, ndipo umwage katika mistari, ufukie kidogo tu kwa udongo laini, na kunyunyiza maji jioni.